Sentensi Ambayo Mchungaji Hakuisema

Niseme mapema kwamba jambo hili mimi silioni la kuchekesha, ingawa najua wapo watu hapa Murungu ambao mpaka leo wakiniona napita na msumeno wangu begani wanageuza uso wacheke vizuri, na wengine (hao ndio wanaoniumiza zaidi) wananisalimia kwa sauti ya chini kama mtu aliyefiwa. Nilijiaibisha mbele ya kanisa zima, siku ya Jumapili, nikiwa nimevaa koti langu la kahawia na kipaza sauti nimekishika mwenyewe, na somo la siku hiyo lilihusu Mkristo kuutawala ulimi wake. Mkalimani wa somo hilo nilikuwa mimi. Kwa hiyo sina hata pa kujifichia, siwezi kusema sikufundishwa, maana kila neno nililisikia kwa Kiswahili kisha nikalitamka kwa Kiha kwa mdomo wangu huu.

Mimi ni seremala. Ujana wangu niliumalizia Kasulu mjini, kwenye karakana ya mzee mmoja mwenye asili ya Pwani aliyekuwa anauza vitanda na makabati, na pale ndipo nilipopata vitu viwili, ufundi na Kiswahili cha kunyoosha. Niliporudi nyumbani Murungu, kanisani wakaniona wa maana. Bibi zetu pale Kiswahili wanakisikia vizuri tu, wananunua nacho chumvi na kusoma nacho kadi za kliniki za wajukuu, lakini mahubiri yasipopita kwenye Kiha wanasema hayajafika. Basi kila akija mgeni, mimi ndiye wa kusimama pembeni yake. Na nilipenda, jamani. Mhubiri akiinua mkono nami nainua, akishusha sauti nami nashusha zaidi yake, mpaka watu wakawa wananitania kwamba mkalimani anahubiri kuliko mhubiri. Walikuwa wanatania, mimi nikawa nachukua kama sifa.

Sasa katika kanisa letu yupo mzee wa kanisa anaitwa Bukuru, na huyu Bukuru alikuwa rafiki yangu kuliko ndugu zangu wa tumbo moja. Tumepasua mbao pamoja porini, tumekula ugali wa muhogo kwenye sahani moja, mke wangu Restituta alipojifungua kwa shida ni baiskeli ya Bukuru iliyompeleka zahanati. Wiki ile kabla ya Jumapili yangu kulikuwa na kikao cha wazee, nami nikaitwa kwa sababu walitaka kuongeza mabenchi. Mabenchi yaliyopo nimeyatengeneza mimi. Nikakaa pale nikisubiri kuambiwa niongeze mengine kumi, na Bukuru, kwa sauti yake ileile ya taratibu, akasema, "Baba Yona ni fundi wetu na tunampenda, ila tuseme ukweli, haya ya mwaka juzi yanatikisika. Mbao zilikuwa mbichi. Safari hii tumwombe asubiri zikauke, au tuagize Kasulu."

Hayo tu. Wala hakunitukana. Angeniambia pembeni ningekubali (ndivyo ninavyojidanganya), lakini alisema mbele ya wazee saba na mama mmoja mhazini, nami nikatoka pale masikio yanawaka moto. Siku tatu sikulala vizuri. Nikipiga randa nawaza Bukuru, nikila nawaza Bukuru. Na habari ya kikao ilishatoka nje, mtaani watu wakaanza kuniuliza kwa kucheka kama nimeshakausha mbao.

Jumapili asubuhi Restituta alinitazama nikifunga vifungo vya koti akasema, "Baba Yona, leo mwachie mwingine atafsiri."

"Nani mwingine?"

"Yeyote. Wewe una hasira. Mtu mwenye hasira asipewe kipaza sauti."

Nikamwambia hasira na tafsiri ni vitu viwili tofauti, mimi pale nasema ya mchungaji, siyo ya kwangu. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo kabisa, wa kufunga kifungo na kutoka nyumbani. Mengine yote yalianzia hapo.

Mgeni wetu alikuwa Mchungaji Mbelwa, mtu wa Tanga, mrefu, mpole, anayehudumu Kasulu. Alisimama akasalimia kanisa "mwakeye" kwa lafudhi yake ya kwao, watu wakafurahi, nami nikafikiri ameishia hapo, maana wageni wote hujifunza salamu moja wakiwa njiani. Akatangaza somo. Ulimi. Nikaona kama Mungu ameniletea kitoweo mpaka mlangoni.

Mwanzoni nilitafsiri kwa haki. Kisha akasema, "Kuna mtu hawezi kumaliza siku bila kutaja kasoro ya mwenzake." Nikaisema kwa Kiha, sawasawa kabisa, na mwishoni nikaongeza maneno machache tu, "hata kasoro za mabenchi." Kanisa likacheka. Kicheko kile, ndugu zangu, kilinishuka kooni kama maji ya baridi. Mchungaji aliona watu wanacheka akanigeukia kidogo, akatabasamu nusu, akaendelea.

Akasema, "Mtu wa namna hiyo hujiona yeye ni msafi." Nikaisema, nikaongeza, "na hukaa benchi la mbele, mikono ameikunja hivi," nikakunja mikono kama Bukuru anavyokunja, kiwiko kimoja juu ya kingine. Hapo walicheka mpaka wanakwaya wakainamiana mabegani. Bukuru mwenyewe alicheka. Niliona. Alifungua mikono, akaiweka magotini, akatikisa kichwa kama mtu anayesema haya, umenipata. Ningeishia hapo leo tungekuwa tunasimuliana hadithi nyingine, maana rafiki yangu alikuwa ameshalimaliza lile jambo. Lakini mimi nilimwona anacheka nikasema moyoni, kumbe haijamuuma.

Mchungaji akashusha sauti. Akasema, "Lakini kila mmoja wetu ana jambo nyumbani kwake ambalo Mungu amelifunika."

Hapa lazima niwaeleze kitu ambacho nisingepaswa kukieleza, ila kwa kuwa nilishakitangaza kwa kipaza sauti hakuna tena cha kuficha. Bukuru ana binti anaitwa Neema, mkubwa wa watoto wake, siku ile alikuwa kidato cha pili. Miaka sita kabla, tukiwa porini na msumeno, nilikuwa namsema vibaya jirani mmoja aliyekubali kuishi na mke aliyemkosea, namwita mjinga, namcheka. Bukuru akaacha kuvuta msumeno. Akaniambia kwamba yeye zamani, wakiwa bado wanaishi Mabamba, alikwenda kwenye mashamba ya tumbaku Tabora akakaa karibu miaka miwili, na aliporudi alimkuta mkewe Jeneroza ana mimba kubwa. Alikaa nje ya nyumba siku nzima akifikiri. Kisha akaingia. Mtoto alipozaliwa akampa jina yeye mwenyewe, baadaye wakahamia Murungu ambako hakuna aliyejua kuhesabu miezi yao. "Nimekuambia wewe peke yako," alisema, "ili uache kumcheka yule bwana." Nikaacha. Na siri yake nikaishika, hata Restituta sikumwambia.

Basi Mchungaji aliposema jambo lililofunikwa, nikaitafsiri sentensi yake, halafu mdomo ukaendelea. Nilisema kwa Kiha, kwa sauti ya kuchekesha, kwamba wapo wanaokagua miguu ya mabenchi ya wenzao huku nyumbani wanalea ndama waliyemkuta zizini walipotoka Tabora.

Nilisubiri kicheko. Wawili watatu walianza, wakakata katikati. Kanisa zima lilikuwa limeshajua kwamba mtu wa mabenchi ni Bukuru, mimi mwenyewe nilikuwa nimewaonyesha kwa mikono, na kila mtu Murungu anajua nani alifanya kazi Tabora. Bibi mmoja wa mbele akasema "yewe" polepole, akajifunika mdomo kwa khanga. Jeneroza alikuwa safu ya kwanza ya kwaya ya akina mama. Neema alikuwa kwa vijana, upande wa pili, na nilimwona akimtazama mama yake, anatazama tu kama mtu anayesubiri mama acheke ili naye acheke. Mama yake akainamisha macho. Nafikiri hapo ndipo yule mtoto alipojua, hakujua kwa maneno yangu, alijua kwa macho ya mama yake.

 Mchungaji Mbelwa akaongea, na aliongea Kirundi, kizito, cha kutafuta maneno, lakini Kirundi ambacho kila Muha aliyekuwa mle ndani alikielewa. Akasema, "Hayo mimi sikuyasema." (Baadaye niliambiwa alifanya kazi miaka mingi kwenye kambi za wakimbizi wa Burundi, na Kirundi na Kiha ni ndugu. Kuongea kulimshinda, kusikia alikuwa anasikia vizuri sana. Yale ya mabenchi aliyasikia, akadhani ni utani wa nyumbani.) Akarudi kwenye Kiswahili akanigeukia, hakupandisha sauti. "Ndugu mkalimani, naomba kipaza sauti. Nenda ukakae."

Nikampa. Nikageuka kutafuta pa kukaa, na kanisa lilikuwa limejaa mpaka madirishani. Bukuru alikuwa ameshasimama. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akavuka upande wa vijana, akamshika Neema mkono, wakatoka, na Jeneroza akashuka kwenye kwaya akawafuata na joho lake bado mwilini. Nafasi pekee iliyobaki wazi ilikuwa ya Bukuru. Nikakaa hapo, mbele, mbele ya macho ya watu wote. Benchi likatikisika. Nilikaza miguu chini lisitikisike tena, nikakaa hivyo mpaka mwisho wa ibada, mapaja yanauma, na sala ilipokwisha sikuweza kuinua kichwa kama wengine kwa sababu nilikuwa sijakiinamisha kwa ajili ya sala.

Jumatatu nilikwenda kwa Bukuru. Alikuwa anaanua muhogo uliokauka, anaupanga kwenye gunia kipande kimoja kimoja. Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi nikamwambia, "Kaka, nisamehe. Ulimi uliteleza."

Aliendelea kupanga muhogo. Kisha akasema, "Leo asubuhi Neema amenisalimia 'shikamoo mzee.'"



"Tangu ajue kusema ananiita baba. Leo mzee." Akafunga mdomo wa gunia. "Nitakusamehe, maana hata mimi nasamehewa. Nipe muda tu. Ila hapa nyumbani usije."

Wazee wa kanisa wakanikalisha. Wakanisimamisha ukalimani papo hapo, na nikawekwa chini ya nidhamu miezi sita, bila kushiriki meza ya Bwana. Sikubisha. Nilitakiwa pia kutubu hadharani, nikasimama pale pale niliposimama siku ile, safari hii bila kipaza sauti, nikasema nimekosa, hasira ilinipanda, ulimi ukateleza. Watu wakaitikia kwa vichwa. Hilo la kuteleza watu wanalielewa haraka, kila mtu amewahi kuteleza. Kuna mzee alinipiga bega akasema ni ubinadamu. Nikarudi nyumbani nimepata nafuu, nikamwambia Restituta mambo yatatulia, naye akanijibu, "Kwako yatatulia."

Na kweli kwao hayakutulia. Jeneroza alikuwa anauza mawese gulioni, akaacha, kwa sababu wateja walikuwa wanakuja kumtazama uso kisha wanaondoka bila kununua. Kwaya akaiacha. Habari zikafika Mabamba, na Mabamba kuna watu wanaokumbuka, wakaanza kubahatisha jina la mwanaume, mmoja anasema alikuwa mchuuzi wa kuvuka mpaka, mwingine anasema mwalimu fulani, na majina yale yakarudi Murungu yakapita njia ile ile anayopita Neema kwenda shule. Hakumaliza hata mwezi. Bukuru akampeleka kwa shangazi yake Rungwe Mpya, upande wa Kasulu, akahamia shule ya huko. Nilimwona siku anaondoka, amekaa kwenye bodaboda na begi mapajani, Bukuru amesimama pembeni ameshika usukani wa pikipiki kama mtu anayetaka kusema kitu, halafu akauachia.

Nikakaa na jambo hilo miezi mitatu. Nilikuwa nimeomba msamaha kwa Bukuru, kwa Jeneroza kupitia mke wangu, kwa wazee, kwa kanisa, kwa Mchungaji Mbelwa kwa simu (alinisikiliza mpaka mwisho akasema ataniombea, hakusema zaidi). Yule niliyemwita ndama sikuwa nimemwomba. Nikamtuma Restituta kwa Jeneroza kuuliza kama naweza kwenda. Jibu likarudi kwamba niende, ila shangazi awepo.

Nilimkuta Neema uwanjani anapukuchua mahindi. Alikuwa amerefuka. Akanisalimia shikamoo, akanitolea kigoda, akarudi kwenye mahindi yake. Shangazi yake alikaa kizingitini, mikono imetulia, hajifanyi ana kazi. Njia nzima kutoka Murungu nilikuwa napanga maneno, nami nina sifa ya maneno, na pale yote yakaisha nikabaki na yale yale ya kila siku. Nikamwambia, "Mwanangu, nimekuja kukuomba msamaha. Siku ile hasira ilinipanda, ulimi wangu ukateleza."

Akapukuchua gunzi lile likaisha. Akaniuliza, "Baba Yona, hilo jambo uliambiwa lini?"

Nikahesabu. "Miaka sita kabla ya siku ile."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Hata Mama Yona hakujua."

"Miaka sita," akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa anauliza kama mwanafunzi anayetaka hesabu ikae sawa. "Kwa hiyo ulikuwa unaweza."

  Neema akachukua gunzi jingine, na mimi kwenye kile kigoda nikaelewa, maana tangu siku ile nilikuwa nimejenga nyumba yangu juu ya neno moja, kuteleza, na mtoto wa kidato cha pili alikuwa amelitoa kwa sentensi moja. Aliyeteleza hakujua pa kukanyaga. Mimi nilijua. Nilipita juu ya siri ile miaka sita bila kuanguka, nikiwa na hasira na nikiwa na furaha, na hata siku nyingine niliyokorofishana na Bukuru vibaya zaidi ya ile ya mabenchi. Jumapili ile niliitoa kwa sababu watu walikuwa wanacheka na nilitaka wacheke zaidi.

Nikamwambia, "Ni kweli. Nilikuwa naweza. Nilisema kwa kutaka."

Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza. Akasema, "Asante," na sikujua ni asante ya nini, na sikuuliza. Msamaha hakuutaja. Shangazi akanisindikiza mpaka barabarani, akaniambia nisafiri salama.

Nidhamu yangu iliisha. Siku niliporudishwa mezani wazee waliniuliza kama nina neno, nikasema nina moja, kwamba mara ya kwanza nilitubu uongo, ulimi wangu haukuteleza, niliutuma. Safari hii hakuna aliyetikisa kichwa wala kunipiga bega, na nadhani wengine waliniona nimeharibu jambo lililokuwa limekwisha. Ukalimani waliniambia naweza kurudi polepole. Nimekataa. Mchungaji wetu anafikiri ni unyenyekevu, kumbe naogopa kile kicheko, kwa sababu mpaka leo nikikikumbuka bado ni kitamu.

Neema alikuja likizo ya Desemba. Nilikuwa kwenye karakana yangu kando ya barabara, nikawaona wanapita, yeye na Bukuru, Bukuru anasukuma baiskeli na begi la binti liko nyuma kwenye kiti. Bukuru alinipungia mkono, kidogo tu, mkono wa mtu anayemsalimia fundi. Walipofika kwenye kona mnyororo ukatoka, akainama kuurudisha, na Neema akamwita amwambie kitu. Ilikuwa karibu. Nilisikia amemwitaje.

Jioni Restituta, ambaye tayari alishapata habari kwamba wamepita, akakaa karibu nami akauliza, "Na umesikia? Anamwita baba, au bado ni mzee?"

Nikamwambia nimesikia.

Akasubiri. Nikachukua kikombe changu cha chai nikanywa. Akasubiri tena, kisha akainuka akaenda kutazama mboga zake, na mpaka leo sijamwambia, na nyinyi pia msiniulize.